Tuachieni droo ya elki ibaki droo: barua ya wazi kwa makamishna wa wanyamapori wa Kentucky

Kwa Waheshimiwa Makamishna tisa wa Samaki na Wanyamapori,
Frankfort, Kentucky.

Waheshimiwa,

Nimekosa tena kibali cha kuwinda elki katika droo yenu, yaani ile bahati nasibu ya vibali. Niliyaona majibu mwezi Mei, saa nane usiku, katika mapumziko ya zamu, simu mkono mmoja na kikombe cha chai mkono mwingine. Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Fizi ambaye naye alikuwa ameomba, alinitazama usoni akacheka kabla sijafungua mdomo. "Mkeka umechanika?" Umechanika. Hii ni mara ya tisa. Dola kumi kila mwaka, na miaka mingine dola ishirini, kwa sababu mtu akichoka kukosa dume hujaribu na jike.

Msiwe na wasiwasi, sidai kurudishiwa pesa. Naandika kuwaomba msiwasikilize watu waliokosa kama mimi.

Kila mwaka majibu yakishatoka, wawindaji wenzangu, wazawa na wahamiaji, husema jambo lile lile: Kentucky iweke pointi kwenye droo ya elki, kama wanavyofanya Colorado, Utah na Arizona. Ukikosa uandikiwe pointi, na mwenye pointi nyingi atangulie. Wanaiita haki. Mimi naomba msikubali, na naomba pia vile vibali vinavyotoka nje ya bakuli la droo visiongezwe hata kimoja. Mengine yote nitakayosema hapa yanarudi kwenye hayo mawili.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka majirani zangu wa Lexington, Louisville na Bowling Green wasome kwanza. Wengi wao wanalipa dola kumi bila kujua vizuri wanalipia nini. Nakala ya Kiingereza nitawaletea mwenyewe.

Basi nianze na hao majirani. Elki ni nani? Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka ayala wa Zaburi ya 42, anayeionea shauku mito ya maji. Elki ni wa ukoo huo huo, ila yeye amepita kiasi: dume aliyekomaa hufika kilo 300 na zaidi, pembe zake hudondoka na kuota upya kila mwaka, na Septemba anapotafuta majike hutoa mlio mwembamba wa filimbi unaoishia kama mlango usiotiwa mafuta. Wale wa asili wa Kentucky waliisha karne ya 19, kwa risasi na kwa mashamba. Desemba 1997 jimbo likaanza kuwarudisha. Saba wa kwanza walifunguliwa Perry County mbele ya umati, na kufikia 2002 walikuwa wameletwa zaidi ya 1,500 kutoka Utah, Kansas, Oregon, North Dakota, Arizona na New Mexico. Walipelekwa kwenye milima iliyokatwa vichwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Wachimbaji walipomaliza walisawazisha ardhi wakapanda nyasi, na elki ni mla nyasi. Yaani aibu ya mgodi ikageuka malisho. Leo kundi la Kentucky ni kubwa kuliko jingine lolote mashariki ya mto Mississippi, na Missouri, Virginia na Wisconsin zimekuja kuchukua mbegu hapa. Makazi yake ni kaunti 16 za kusini mashariki, kuanzia Pike na Martin hadi McCreary.

Uwindaji ulifunguliwa mwaka 2001. Wanyama wapo wa kutosha kuwindwa, ila hawamtoshi kila anayetaka. Karibu na mwaka 2020 vibali vya droo vilikuwa 594: vya jike kwa bunduki 244, vya dume kwa bunduki 150, vya upinde 175, na vya vijana 25. Waombaji ni makumi ya maelfu. Watu wa majimbo mengine hawapewi zaidi ya asilimia 10. Unalipa kabla ya Aprili kuisha, kompyuta inachagua, Mei unajua. Ukipata, unakaa pembeni miaka mitatu. Ukikosa, mwakani unarudi ukiwa sawasawa na mtu anayeomba kwa mara ya kwanza maishani.

Hapo mwisho ndipo panapowauma watu. Hata mama yangu, nilipomweleza kwa simu, aliguna. "Yaani mnalipa kuomba, mkikosa hawarudishi, na mwakani hawawakumbuki? Sasa hiyo na kubeti inatofautiana nini?" Nikamwambia tofauti ni kwamba wa kubeti hajengi malisho. Hakuridhika, na sidhani kama jibu langu lilikuwa zuri. Lakini ni kweli kwamba idara yenu haiendeshwi kwa kodi ya mwananchi wa kawaida. Inaendeshwa kwa leseni, ada, na ule ushuru wa bunduki na risasi uliotengewa wanyamapori na sheria ya nchi ya mwaka 1937. Dola yangu ya kukosa imewahi kununua nyasi mahali fulani. Hilo silinung'unikii.

Mimi ni mtoto wa bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Babu yangu aliwinda sheshe, swala wa bondeni kwetu, na nyati kwa gobore, na kwa maisha yake yote ya utu uzima aliitwa jangili. Neno hilo hakuzaliwa nalo. Wajerumani ndio walioandika sheria ya kwanza ya wanyamapori kwetu mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, na tangu hapo nyama ya porini ikawa na mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Akaja Mwingereza, akaondoka. Babu alijua kitu kimoja tu: Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, akija, gobore linaingia darini. Nilipokuwa shule ya msingi nilishuhudia magari ya wawindaji wa kitalii yakipita barabarani kwetu, wazungu wamekaa juu, na mjomba wangu yuko mbele yao kama mfuatiliaji wa nyayo. Nyayo alizifahamu yeye. Kibali kilikuwa cha mwingine, aliyelipia nyati mmoja pesa ambazo mjomba hakuwahi kuzishika kwa mwaka mzima.

Sisemi hivyo kuitukana nchi yangu. Pesa za uwindaji wa kitalii zinalipa askari wa porini, na bila hao tembo wa Selous wangekwisha wote badala ya kupungua kama walivyopungua. Nasema tu kwamba nimekulia mahali ambapo kugawa mnyama kwa bei kulikuwa jambo la kawaida, kiasi kwamba nilipofika Kentucky na kuambiwa daktari wa Lexington na mfagiaji wa hospitali anayofanyia kazi wanalipa dola kumi zile zile, kwenye bakuli lile lile, nilidhani nimesikia vibaya. Nikauliza mara mbili. Yule aliyekuwa akinifundisha kwenye darasa la usalama wa mwindaji (nililazimika kusoma, kwa kuwa nimezaliwa baada ya 1975, nikakaa benchi moja na watoto wa miaka kumi na miwili walionishinda maswali ya dira) alinijibu kana kwamba namuuliza kama maji ya mto ni ya bure. Ndiyo, bwana. Bakuli ni moja.

Sasa pointi.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Tuchukue mfano wa watu 30,000 wanaotaka kibali, na vibali 600 kwa mwaka. Ukiwapanga foleni, wa mwisho atapata baada ya miaka 50, hapo tumejifanya hakuna mtu mpya anayeingia. Akitaka dume kwa bunduki, vibali 150, foleni ni miaka 200. Pointi haziongezi elki hata mmoja porini. Zinabadilisha tu nani anakosa, na anayekosa daima atakuwa aliyechelewa kufika: mtoto, kijana, mhamiaji, na yule ambaye mwaka fulani hakuwa na dola kumi za kuchezea. Colorado wanaijua habari hii. Kule kaskazini magharibi kuna maeneo ambayo kibali cha dume kinataka pointi zaidi ya 20, na pointi hupatikana moja kwa mwaka. Kila mwaka kiwango kinapanda, kwa kuwa walio kwenye foleni ni wengi kuliko wanaotoka. Kijana wa miaka kumi na miwili akianza leo, anakimbiza basi ambalo dereva wake anaongeza mwendo.

Kuna wanaosema basi tufanye kama Pennsylvania, pointi zisiwe foleni, ziwe karatasi za ziada ndani ya pipa. Hiyo ni afadhali, nakiri. Lakini hata huko mgeni anaingia na karatasi moja dhidi ya mtu mwenye karatasi ishirini, na anaambiwa ajaribu bahati yake.

Na kuna jambo ambalo wenzangu wanaodai pointi hawataki kulitazama machoni. Wanafikiri miaka yao ya kukosa itahesabiwa. Mkianzisha pointi mwakani, sote tunaanza na sifuri. Mikeka yangu tisa iliyochanika haina thamani hata kwenye mfumo wanaoudai kwa jina langu. Wengine pia wanadhani kete inakumbuka, kwamba baada ya kukosa mara tisa ya kumi iko karibu zaidi. Mtu mwenye nafasi moja katika mia kila mwaka, akiomba miaka kumi, uwezekano wa kupata walau mara moja unakuwa chini kidogo ya asilimia 10. Kwa hiyo tisa kati ya kumi wetu tutafikisha mwaka wa kumi mikono mitupu, hakuna aliyetuonea.

Lazima niseme kwamba mwenzangu wa Fizi hakubaliani nami, na hoja yake ni nzito kuliko ya watu wote niliowasikia. Yeye alikaa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, miaka kumi na minane. Mimi nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, ile tuliyoizoea kwa jina la grinikadi. Nilijaza fomu mara tatu kwenye kibanda cha intaneti Morogoro, picha ya mara ya kwanza ikakataliwa kwa sababu ya kivuli cha sikio, mara ya tatu jina likatoka. Likatoka mwezi Mei, kama droo yenu, mtanisamehe kwa kutoipenda sana Mei siku hizi. Basi siku moja nikiwa namweleza haya yote kuhusu pointi, akaweka chini chakula chake. "Wewe uliyeingia kwa bahati nasibu lazima usifu bahati nasibu," akasema. "Mimi nilisubiri. Kitu pekee kilichonitunza akili kule kambini ni kuamini kwamba siku zangu zinaandikwa mahali. Ukiniambia mwaka wa kumi na nane ni sawa na mwaka wa kwanza, umenifutia maisha."

Sikuwa na jibu usiku ule. Nilirudi nyumbani nikifikiri amenishinda, na pengine kwa habari ya wakimbizi amenishinda kweli, maana mtu anayengoja mahali pa kulala na mtu anayengoja kupiga risasi mnyama hawafanani, na sipendi kuwaweka mizani moja. Lakini wiki iliyofuata mwenyewe ndiye aliyerudisha mazungumzo. Akasema kitu kilichomuumiza Nyarugusu kuliko kungoja ni kwamba foleni haikuwa na mwisho unaoonekana. Mtu alihesabu siku zake, lakini hakuna aliyejua mbele yake wako wangapi. Nikamwonyesha ile hesabu ya miaka 200. Akaitazama kwa muda. "Hii si foleni," akasema, "hii ni kambi." Bado anataka pointi, kwa taarifa yenu. Ila sasa anasema ziwe chache.

Nina hofu nyingine kuhusu pointi: zinauzika. Majimbo mengi ya magharibi humruhusu mtu anunue pointi bila hata kuomba mnyama mwaka huo, anajiwekea tu. Arizona, mtu wa jimbo jingine haingii kwenye droo mpaka anunue kwanza leseni ya dola 160. Zimeota biashara nzima za kusimamia pointi za watu, unalipa mtu akutunzie mahali kwenye foleni kumi tofauti. Idara yenye upungufu wa fedha ikishaonja pesa hizo, nani atairudisha kwenye dola kumi?

Huku kwetu tayari tumewaonja watu wa namna hiyo kabla hata pointi hazijaja. Kulikuwa na jamaa mmoja, simtaji, aliyekuwa akikusanya dola 50 kwa kila kichwa nje ya duka, akiwajazia watu fomu ya dola kumi. Alidai anajua saa nzuri ya kutuma, kompyuta ikiwa "imefungua macho". Akina mama wawili walimlipa mwaka wa pili mfululizo, kwa kuwa mwaka wa kwanza aliwaambia walikaribia sana. Walikaribia wapi? Naomba, Waheshimiwa, na hili halitawagharimu kitu: karatasi moja ya kubandikwa madukani na misikitini na makanisani, kwa Kiswahili, Kihispania na lugha nyingine za watu wa hapa, iseme maombi ni dola kumi, mwisho ni tarehe 30 Aprili, na hakuna binadamu anayeweza kukuongezea bahati. Mkisema hivyo ninyi, tapeli atatafuta kazi nyingine. Mkiweka pointi mtampa kazi ya kudumu, kwa sababu safari hii kweli kutakuwa na ujanja wa kufundisha.

Kuhusu vibali vya nje ya bakuli sitakuwa mrefu. Najua vipo vibali maalumu vya kamisheni, vichache, wanavyopewa vyama visivyo vya faida wavinadi na kutumia pesa kwa uhifadhi. Najua pia kwamba mwenye ardhi anayefungua mashamba yake kwa wawindaji wa kawaida anaweza kufikiriwa. Huyo wa pili ananifaidi hata mimi, kwa sababu bila ardhi yake nitashinda kibali cha kutembelea uzio. Mnada ndio unaoninyima usingizi. Kibali kimoja kwenye mnada kinaleta pesa ambazo fomu za dola kumi haziwezi kuzileta kwa mia moja, na kila bajeti ikibana atatokea mtu mwenye tai nzuri aseme, ongezeni viwili tu. Kisha viwili. Mjomba wangu alifuatilia nyayo kwa maisha yake yote mwishoni mwa njia hiyo.

Niwaambie sasa kuhusu Knott County, maana bila Knott County nisingeandika.

Kuna mzee mmoja kule, mchimbaji makaa mstaafu, tuliyefahamiana kwa sababu mwanawe alifanya kazi nasi kiwandani. Alikuwa na miaka 71 na mapafu yaliyojaa vumbi la mgodi. Akipanda ngazi tatu unamsikia. Hakuwahi kuomba kibali cha elki maishani. Alikuwa anawatazama kutoka barazani, wanakuja jioni kula nyasi juu ya mlima ambao yeye mwenyewe alisaidia kuukata kichwa, akisema wale ni wa watu wenye bahati. Siku ya kuzaliwa kwake binti yake akamlipia dola kumi, kama mzaha, badala ya keki. Fomu ya kwanza. Akapata jike.

Tulikwenda Desemba, wanawe wawili na mimi, tukamkokota na kiti cha kukunja hadi kwenye ukingo wa bapa la mgodi wa zamani. Theluji ilikuwa nyembamba, nyasi za njano zimechomoza. Nilivaa fulana ya rangi ya chungwa iliyonipwaya kama kanzu. Walipotoka kwenye miti walikuwa kumi na mmoja, majike na ndama wakubwa, na walitembea kwa utaratibu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Mzee alipumua muda mrefu kupita kawaida. Nikamnong'oneza kama naweza kusoma Bismillahi kabla hajafyatua, kwa ajili ya mke wangu ambaye angeuliza, na kweli aliuliza. Akasema, bila kuondoa jicho kwenye darubini, "Soma, na mimi nina yangu." Yeye ni Mbaptisti. Tukanyamaza, kila mtu na yake. Yadi 180, risasi moja.

Kazi ilikuja baadaye. Jike yule alikuwa na zaidi ya kilo 200, na gari lilikuwa mbali. Tukamchuna pale pale, mapaja, mabega, minofu ya mgongo, maini kwenye mfuko peke yake. Wanawe na mimi tulibeba safari nne. Mzee alikaa kitini akituelekeza kwa mkono kama akida, akapiga simu kuripoti mnyama, kisha akaninyooshea paja moja zima la mbele. Nikakataa kidogo, kwa adabu, kama tulivyofunzwa. Hakuuelewa ule mchezo, akaanza kulirudisha. Ikabidi nilidake haraka. Mke wangu alilipika kwa nazi na bizari, na yule wa Fizi akala sahani tatu huku akisema pointi zingekuwepo na yeye angekuwa na paja lake.

Mzee alifariki miaka miwili baada ya siku ile. Kwenye foleni ya pointi angekuwa amekwisha kujikusanyia mbili au tatu tu.

Nimemfikiria sana kila ninaposikia neno haki kwenye mjadala huu. Binti yake hakununua nafasi ya mtu. Hakuna aliyesubiri miaka ishirini akaporwa. Kompyuta haikujua mapafu yake, haikujua umri, haikujua kwamba mtu wa pili kwenye orodha labda ameomba mara kumi na tano. Kwa mara moja katika maisha yake mzee yule alikaa sawa na kila mtu mwingine katika Kentucky, na mnyama alitoka kwenye mlima wa kwao. Nikijiuliza ni nani kati yetu sisi tuliokosa mwaka ule alistahili zaidi, mimi au yeye, jibu lenyewe linanipa aibu kuliuliza. Mwaka ule nilikuwa nimekosa mara ya sita.

Kwa hiyo ombi langu liko vile vile. Mwendelee kutudai dola kumi, ikibidi muongeze kidogo, lakini iwe ada moja kwa wote. Bakuli liwe moja. Asiyepata arudi mwakani kama mwana aliyezaliwa jana. Vibali vya mnada vibaki vichache kama vilivyo. Na ile karatasi ya kubandikwa, kama hamna mtafsiri wa Kiswahili, mimi nitaitafsiri bure, na yule wa Fizi atanisahihisha, hawezi kujizuia.

Mikutano yenu ni ya wazi. Mtakapokutana tena Frankfort nitakuja baada ya zamu, kwa hiyo mkimwona mtu amesinzia viti vya nyuma akiwa na bahasha ya kaki, ndiye mimi, na ndani ya bahasha ndimo ilimo nakala ya Kiingereza.

Wenu,
Mwombaji wa mara tisa,
Lexington